Jinsi Nilivyoificha Mimba ya Mkwe Wangu

Haya ninayoandika ni kweli tupu. Ninaapa kwa jembe langu. Ninaapa kwa meno yangu sita yaliyobaki. Ninaapa mbele ya milima hii ya Usambara, ambayo imenisikia nikisema uongo kwa miaka sitini na minane. Safari hii sidanganyi. Nikiongeza chumvi, nitaiongeza kwenye kabichi na kwenye kuku. Kwenye maneno ya nesi sitaongeza hata nukta.

Jina langu ni Khalfani. Kijiji chetu kiko juu ya Soni, kwenye mteremko mkali. Ni mkali kweli. Kuku wetu akitaga bila kuangalia, yai linafika Mombo kabla yake. Asubuhi ukungu unakuwa mzito. Mimi huegemeza jembe langu kwenye ukungu huo nikifunga kamba za viatu.

Nilifanya kazi ya barabara miaka thelathini. Nilizibua mitaro na kufukia mashimo kati ya Mombo na Lushoto. Shule sikumaliza. Kusoma nilijifundisha kwa vibao vya barabarani. Neno langu la kwanza lilikuwa PUNGUZA. La pili lilikuwa MWENDO. Kwa hiyo wewe unayesoma polepole, usione haya. Tulianza hivyo hivyo.

Mke wangu alifariki zamani. Ninaishi na mwanangu Hamza na mkewe Rahma. Hamza hununua karoti na hoho huku juu, kisha huenda kuziuza Mombo kando ya barabara kuu. Rahma hulima, huchota maji, hupika. Nyumba ya pili ni ya dada yangu Kuluthumu. Amenizidi miaka mitano, na ananiamuru kama vile mimi ndiye mwenye miaka mitano. Kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa kijiji. Nusu ya watu wa mteremko huu walipokelewa na mikono yake.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, Hamza alinifuata shambani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona unanong'ona? Umeiba?"

"Rahma hajaona siku zake. Hii ni wiki ya sita."

Badala ya kufurahi, niliogopa. Nikueleze kwa nini.

Mwaka uliotangulia Hamza aliniletea habari kama hiyo. Nilikimbia nayo. Niliitangaza kwenye kijiwe cha kahawa, sokoni na nje ya msikiti. Nilimwambia hata dereva wa basi lililosimama kuongeza maji. Nilisema ni mapacha. Nilisema tayari wana meno. Mimba ilipofika mwezi wa tatu, Rahma alitokwa na damu. Mimba ikatoka. Rahma alilala siku nane akitazama ukuta.

Hakuna aliyenilaumu usoni. Lakini huku kwetu nyumba nyingi hunyamazia mimba mpaka tumbo liseme lenyewe. Niliwasikia wanawake kisimani. Walisema mimba ikitajwa mapema, macho ya watu huila. Na nani aliitaja mapema? Mimi. Kwa hiyo niliamini kwamba kinywa changu ndicho kilichomchukua mjukuu wangu.

Hamza hakujua ninachofikiri.

"Baba, leo si unashuka?" akaniuliza. "Pitia zahanati. Waulize mama mjamzito anaanza kliniki lini. Mimi nawahi gari la Mombo."

"Nitauliza," nikasema.

Nikashuka. Zahanati iko chini, karibu na barabara. Mwendo wa nusu saa kushuka, saa nzima kupanda. Nilipofika getini nikasimama. Ilikuwa Jumanne. Nje kulikuwa na benchi refu, limejaa wanawake. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Nikajisemea, "Khalfani, hivi ni vinywa kumi kama chako. Rahma akikaa hapa asubuhi, adhuhuri mlima mzima umejua."

Sikuingia. Nikaenda kijiweni. Nikanywa vikombe viwili vya kahawa, nikala kashata moja.

Jioni Hamza akauliza, "Wamesemaje?"

"Wanapokea tumbo likionekana. Kabla ya hapo wanarudisha watu."

"Nani kasema?"

"Daktari. Mrefu. Ana miwani."

Pale zahanati hakuna daktari mrefu mwenye miwani. Nilimtunga pale pale, nikamvalisha na miwani ili aonekane msomi. Kesho yake nikamtaja tena kijiweni, mazungumzo yalipogusa mambo ya kliniki. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilijiona mwenye akili. Nilidhani ninamlinda mtoto.

Wiki zikapita. Rahma alianza kuchoka. Kabla ya hapo alikuwa akipanda na ndoo moja bila kupumzika. Sasa alipumzika mara tatu. Chakula alikitapika. Kilichokaa tumboni ni chai tu, basi alikunywa chai asubuhi, chai mchana pamoja na chakula, chai jioni. Tena alikuwa akimega udongo mwekundu kwenye ukingo wa njia na kuula kisirisiri. Aliponiona alifuta mdomo. Mimi nilijifanya natazama ndege.

Siku moja akaja Perpetua. Perpetua ni jirani yetu, naye ni mhudumu wa afya ya jamii. Alizaliwa kwenye kambi ya chai kule Kwamkoro. Wazazi wake walitoka Songea kuja kuchuma chai. Yeye akaolewa huku kwetu. Hupita nyumba kwa nyumba na daftari lake, na hana tabia ya kuzunguka maneno.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama," Rahma akaitika. Akainuka kumletea kigoda. Alipoinuka akayumba. Akashika mlango.

Perpetua akaweka daftari chini.

"Njoo hapa kwenye mwanga. Vuta kope ya chini. Mh! Mbona nyeupe kama karatasi? Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

Rahma akanitazama. Mimi nikatazama jembe. Kwa heshima za kwetu, baba mkwe hasikilizi mambo hayo. Kwa hiyo nikaondoka. Nikaenda nyuma ya nyumba, ambako kunasikika vizuri zaidi.

Nikamsikia Perpetua akihesabu kwa vidole.

"Wiki ya kumi imekwisha, unaingia ya kumi na moja. Umeshakwenda kliniki?"

"Bado. Baba aliuliza. Aliambiwa wanapokea tumbo likionekana."

"Aliambiwa na nani?"

"Daktari wa miwani."

"Daktari gani wa miwani? Pale yuko Nesi Jenoveva na..."

Nilitoka nyuma ya nyumba mbio.

"Utaratibu!" nikasema. "Perpetua, utaratibu wa serikali hubadilika kila mwezi. Labda yule alikuwa mgeni. Alitoka mkoani."

Perpetua alinitazama kama mtu anayenusa yai.

"Mgeni. Haya, Mzee. Basi usikie utaratibu na wewe. Mwanamke akikosa siku zake, akihisi ana mimba, anakwenda kupima. Ikiwa ipo, anaanza kliniki mara moja, kabla ya wiki kumi na mbili. Tumbo halingojwi. Tumbo likionekana, miezi ya kwanza imeshapita. Na hiyo ndiyo miezi ambayo moyo na ubongo wa mtoto vinajengwa."

Rahma aliinamisha kichwa.

"Mama, watu watajua," akasema. "Mwaka jana walijua."

Perpetua akaacha ukali. Akakaa karibu naye, akamshika mkono.

"Sikiliza, mwanangu. Kadi yako ni siri yako. Nesi hatangazi mambo ya mtu. Kwenye lile benchi kila mmoja ana lake. Huyu kaja kwa uzazi wa mpango, yule kaleta mtoto wa chanjo. Ukiogopa Jumanne, nenda kesho. Wanapokea kila siku ya kazi. Nenda na mumeo."

"Hamza ana karoti zake."

"Karoti zitangoja. Hazina mimba."

Kesho yake wakashuka watatu: Rahma, Hamza na dada yangu Kuluthumu. Mimi niliwaambia kwamba nakwenda kukagua mitaro ya barabara. Hakuna aliyeuliza kwa nini mstaafu anakagua mitaro. Nikakaa kwenye jiwe, chini ya dirisha la chumba cha nesi. Dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu ni makubwa. Siku za upepo hunisukuma kama tanga.

Nesi Jenoveva ni mfupi, sauti yake nene. Kwanza aliwakaribisha, akawapa viti. Akampima Rahma uzito, urefu na presha. Akachukua mkojo. Akamtoboa kidole.

"Tunapima wingi wa damu na kundi lake," akaeleza. "Tunapima malaria, maana mumeo anashinda Mombo kwenye joto na mbu, nawe humtembelea. Tunapima virusi vya UKIMWI na kaswende. Magonjwa hayo tukiyajua mapema, kuna dawa, na tunaweza kumkinga mtoto. Hamza, unakwenda wapi?"

"Nachungulia nje kidogo, Nesi."

"Kaa. Kidole chako nacho kina damu."

"Mimi sina mimba, Nesi."

"Mimba ni yenu wawili. Lete kidole."

Nilisikia mwanangu akisema "Yalaa!" kama mtu aliyekanyaga msumari. Shangazi yake akacheka mpaka akakohoa.

Majibu yalikuwa mazuri, isipokuwa moja.

"Rahma, damu yako ni nane nukta mbili," nesi akasema. "Mjamzito tunataka awe na kumi na moja au zaidi. Ndiyo maana unayumba. Ukijifungua na damu hii, ukapoteza kidogo tu, maisha yako yako hatarini. Lakini tuna miezi mingi mbele. Tutaijenga. Unakula nini?"

Rahma akaeleza. Aliposema chai, nesi akamkatiza.

"Chai na chakula pamoja?"

"Ndiyo. Huku kila mtu anakunywa hivyo."

"Najua. Tumezungukwa na chai. Lakini chai na kahawa huzuia madini ya damu yasiingie mwilini. Kunywa chai saa moja au mbili baada ya chakula. Vidonge hivi vya kuongeza damu usivimeze kwa chai hata siku moja. Meza kwa maji. Ukipata chungwa, ule chungwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kula maharage, mboga za majani, dagaa, na maini yakipatikana. Na udongo je?"

Rahma akakohoa kidogo.

"Rahma, udongo?"

"Kidogo, Nesi."

"Uache. Nao unapunguza damu, tena una mayai ya minyoo. Dawa za mizizi na za dukani usinywe bila kuniuliza. Pombe na sigara vikae mbali. Damu ikitoka hata kidogo, njoo siku hiyo hiyo. Tumbo likiuma sana, homa ikipanda, kichwa kikigonga, macho yakiona ukungu ndani ya nyumba, uso ukivimba, usingoje tarehe ya kadi. Njoo. Usiku au mchana, kuna mtu wa zamu."

Kisha nikamsikia Rahma akiuliza jambo ambalo lilikuwa halijamtoka mdomoni mwaka mzima.

"Nesi, ile ya mwaka jana. Nilibeba ndoo siku ile. Tena watu walijua mapema, wakaisema. Kipi kiliitoa?"

Nikamsikia nesi akivuta kiti.

"Nitazame. Mimba nyingi zinazotoka mapema zinatoka kwa sababu mtoto hakuanza kujengeka sawasawa tangu siku ya kwanza. Mwili wenyewe unasimamisha. Haikutolewa na ndoo yako. Haikutolewa na macho ya watu, wala maneno ya mtu. Hakuna kinywa kinachoweza kutoa mimba. Hukukosea. Na wengi waliopoteza mimba moja, inayofuata hukaa salama."

Rahma alilia. Hamza alilia. Mimi nje pale nilivua kofia, nikajifunika uso nayo. Jiwe lilikuwa baridi, lakini sikuinuka. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba kosa ambalo si langu. Na ili nilikimbie, nilikuwa nimetenda kosa lililo langu kweli. Damu ya Rahma ilikuwa imepungua wakati akingoja tumbo lionekane.

Ilinipasa kuingia niseme. Nilikaa kimya.

Ndani, mazungumzo yakageukia mahali pa kupata huduma na kujifungulia.

"Mimi nataka ile kliniki ya mjini yenye televisheni," Hamza akasema. "Wanakuonyesha mtoto tumboni."

"Na wewe, Bibi?" nesi akamuuliza Kuluthumu. "Mkunga si wewe?"

Nilitega sikio. Nilijua dada yangu atasema mjukuu wetu atazaliwa mikononi mwake.

"Mimi?" Kuluthumu akasema. "Mimi sizalishi tena. Kuna mama mmoja alitokwa na damu mikononi mwangu. Nilimfunga kanga nne, zote zikalowa. Tulimbeba kwenye machela, akafia njiani kabla hatujafika barabarani. Mikono yangu ni mizuri, Nesi, lakini haina damu ya kumwongezea mtu. Siku hizi nawasindikiza tu."

Hakuwa amewahi kuniambia habari hiyo. Dada yangu, nyumba ya pili.

"Asante, Bibi," nesi akasema kwa upole. "Sasa, ukichagua mahali, usitazame ukuta mzuri wala televisheni. Uliza mambo. Anayehudumia amesomea kazi hiyo? Anapima presha, damu na mkojo kila unapokuja? Likitokea jambo, ana dawa? Kama hawezi, anakupeleka wapi, na kwa gari gani? Ni mbali kiasi gani kutoka nyumbani? Na je, anakusikiliza, au anakufokea? Hilo nalo uliza. Picha ya tumbo ni nzuri, nitakuandikia uende hospitali kupigwa picha hiyo kabla mimba haijafika mwezi wa sita. Lakini picha peke yake si kliniki." Akaweka kalamu mezani. "Haya, wote mmesema. Rahma, wewe unataka wapi?"

Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nataka kliniki nije hapa kwako," Rahma akasema. "Ni karibu, na umenisikiliza. Kujifungua nataka mahali penye damu ya kuongeza, kwa sababu yangu ni ndogo."

"Umechagua vizuri kuliko ambavyo ningekuchagulia. Utakuja hapa kila tarehe ya kadi, mara nane au zaidi. Kujifungua utakwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Wiki mbili kabla, ukae kwa ndugu aliye mjini. Hamza, utafute gari mapema, na mtu wa kuchangia damu. Bibi atakuwa pembeni yako."

Na ikawa hivyo. Hamza alichukua ndoo ya maji, akawa anapanda nayo yeye. Vijana wenzake walimtania.

"Hamza, siku hizi umeolewa?"

"Ndiyo," akawajibu, "na mahari nililipa mwenyewe."

Chai ikahamia saa kumi. Kuluthumu alilima mchicha kama mtu anayelipwa mshahara. Mchicha ule ulikua mpaka mbuzi akapotea ndani yake siku tatu. Damu ya Rahma ikapanda: tisa, kumi, kisha kumi na moja nukta tatu. Hizo namba ni za kadi, si zangu. Picha ya tumbo ilionyesha mtoto mmoja, hana meno.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikinyesha, Rahma alijifungua hospitali. Mtoto wa kike, kilo tatu kamili. Baada ya mtoto kutoka, damu ilimwagika kuliko kawaida. Wakunga walimchoma sindano, wakamkanda tumbo, wakamwekea dripu. Muda mfupi damu ikakata. Kuluthumu alikuwa amemshika mkono. Aliporudi nyumbani aliniambia sentensi moja tu.

"Khalfani, ingekuwa huku juu, tungekuwa tunachimba."

Mtoto aliitwa Maryam. Ningependa kuishia hapo. Mama mzima, mtoto mzima, na mimi naonekana babu mwema.

Lakini Maryam alipotimiza wiki sita, ilibidi apelekwe chanjo. Ilikuwa Jumanne. Nilijitolea kubeba mwavuli. Nikakaa kwenye lile benchi refu, kati ya Rahma na dada yangu, nikiwaambia akina mama kwamba mjukuu wangu ameshaniamkia shikamoo mara mbili. Wakacheka. Nilikuwa na raha.

Mlango ukafunguka. Nesi Jenoveva akatoka na Elinuru. Elinuru ni mke wa mwalimu, anakaa juu zaidi ya kwetu. Tumbo lake lilikuwa limeshajitokeza. Alikuwa ameshika karatasi, akiikunja na kuikunjua.

"Gari linakuja kukupeleka hospitali," nesi alikuwa akimwambia kwa sauti ya chini, ambayo kwa unene wake bado ilitufikia. "Presha imepanda sana. Inawezekana unayo tangu zamani. Ungekuja mwezi wa pili wa mimba, ungekuwa kwenye dawa sasa hivi. Mwezi wa tano huu, Elinuru! Wewe mke wa mwalimu! Ulikuwa unangoja nini?"

"Nesi, si mlikataza wenyewe?"

"Tulikataza nini?"

"Kuja kabla tumbo halijaonekana. Daktari alisema. Yule mrefu, wa miwani. Huko juu kila mtu anajua."

Nesi akatazama huku na huku.

"Hapa hakuna daktari wa miwani. Hajawahi kuwapo. Nani alizungumza naye?"

Nilifungua mwavuli. Mvua haikuwepo, tena tulikuwa chini ya paa. Dada yangu akaushika mwavuli, akaufunga.

Rahma akanigeukia. Mtoto alikuwa ananyonya.

"Baba," akasema taratibu. "Siku ile Hamza alipokutuma. Uliingia humu ndani?"

"Nilifika getini."

"Uliingia?"

Nilikuwa na majibu manne tayari. Jibu moja lilikuwa na simba. Nikatazama mikono ya Elinuru.

"Sikuingia," nikasema. "Nilikwenda kunywa kahawa. Daktari nilimtunga mimi. Mwaka ule mwingine niliitangaza mimba yako, ikatoka. Niliogopa kinywa changu kisimchukue na huyu."

Rahma hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kwa hiyo wiki tano zile nilizokuwa nayumba na ndoo njia ya kisimani, ningekuwa na vidonge."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ulilisikia jibu la nesi. Nilikuona dirishani, kofia yako ilionekana. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nisamehe."

Alimhamisha Maryam ziwa la pili, akamfunika. Jibu lake bado nalingoja, na sina haki ya kuliharakisha.

Kuluthumu akasimama mbele yangu.

"Khalfani, inuka."

Nikainuka.

"Elinuru," nesi akauliza, "nani mwingine huko juu anangoja tumbo?"

"Ilham, mke wa Rashidi seremala. Ana miezi miwili. Na nyumba mbili za njiani, ninazijua."

Nesi akatazama saa ya ukutani.

"Saa nne na nusu. Mimi nafunga saa tisa na nusu. Mzee, uongo ulipanda kwa miguu yako. Nenda ukaushushe kwa miguu hiyo hiyo. Waje leo."

Nikapanda. Sikupumzika hata pale ambapo mbuzi hupumzika. Rashidi nilimkuta uani akipiga randa mlango. Nilikuwa nahema kama mashine ya kukoboa.

"Rashidi," nikasema, "yule daktari wa miwani hayupo. Nilimtunga mimi. Mkeo anatakiwa kliniki leo."

Rashidi akaweka randa chini. Uso ukamchangamka.

"Ilham! Njoo upesi! Mzee Khalfani kaleta hadithi nyingine!"

Ilham akatoka akifuta mikono. Wakakaa kwenye mbao, bega kwa bega. Wakanitazama, wameshaanza kutabasamu.

"Haya, Mzee," Rashidi akasema. "Daktari hayupo. Kisha ikawaje?"

"Elinuru anapelekwa hospitali kwa gari. Alingoja tumbo, kwa sababu yangu."

Walikuwa bado wanangoja sehemu ya kuchekesha. Nilisimama pale jasho likinitiririka, sina ya kuwapa. Nikaona tabasamu likianza kumtoka Ilham kwanza, kisha mumewe.

"Mzee," Rashidi akasema, "wewe unalia?"

"Funga mlango. Ilham, chukua mtandio. Natangulia mimi."

Tulipitia zile nyumba mbili. Saa nane na robo tulifika zahanati tukiwa watu saba, wanawake watatu, waume zao, na mimi. Nesi Jenoveva alianza kuandika kadi. Kabla hajafunga mlango alinionyesha mwisho wa benchi kwa kalamu.

"Wewe utakaa hapo kila Jumanne," akasema. "Kila anayefika utamwambia ulichofanya. Mpaka huko juu asibaki hata mmoja anayengoja."

Hii ni Jumanne ya kumi na nne.